Mgeni Asubiri Getini

Mbwa wetu alimuuma rafiki wa mama siku ya Jumapili, baada ya misa. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekuja kumjulia hali mama, kama walivyofanya mara kwa mara tangu tumzike baba, na huyo rafiki ndiye aliyetangulia kupita getini. Mimi nilikuwa nimemshika mbwa kwa ukanda wa shingoni, nikimburuta kwenda kumfunga nyuma ya nyumba. Aligeuka, ukanda ukanichomoka mkononi, na kabla sijasema neno alikuwa ameshamfikia yule mama kwenye kigimbi. Kitenge kilichanika. Ngozi ilichubuka, damu ikatoka kidogo. Tulimpeleka kituo cha afya akachomwa sindano, akarudi tena kwa sindano nyingine, na kila mara mama alikwenda naye, wameshikana mikono kama watu wanaokwenda kuzika.

Nakumbuka nilivyosimama pale, mkono mtupu, nikifikiri kwamba sasa natakiwa kuhisi kitu. Hofu, au aibu, chochote. Nikasubiri. Yalikuja mawazo peke yake: kwamba labda ningekaza vidole zaidi, kwamba labda nilikaza mno, kwamba wale wanawake wanatazama uso wangu na uso wangu hauna kitu, kwamba wataambiana njiani kuwa binti wa marehemu ni baridi. Nilikuwa hivyo tangu msiba. Kichwa kilikuwa kinakimbia usiku na mchana, huku kwingine kote kumelala ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nilikaa nyumbani, Kanombe, nikituma maombi ya kazi asubuhi na kuyasoma tena mchana ili nione nilikosea wapi. Baba alikuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Mama bado anafanya kazi katika wizara moja huko Kacyiru. Wote wawili walilelewa Tanzania, upande wa Karagwe, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kugombezana na Kinyarwanda ndicho cha kupokea wageni.

Mbwa alikuwa wa baba. Jina analo, lakini baba ndiye aliyempa na sipendi kuliandika. Ni mkubwa, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kabla ya msiba hakuwa mbwa wa kuuma mtu. Alibweka, kama mbwa yeyote, kisha akaenda kulala chini ya gari.

Baba alipofariki, geti lilikaa wazi juma zima. Turubai lilifungwa uani, viti vikaletwa, watu wakaja wengine wakiondoka. Vijana wa mtaani waliojitolea kusaidia walimfunga mbwa kamba nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na hapo akasahauliwa, ila kwa sinia la mabaki ya wali. Msiba ukaisha. Turubai likaondoka, viti vikarudishwa, lakini ile desturi ya kumfunga ikabaki. Kengele ya geti ikilia tu, mama alipaza sauti kutoka popote alipo: "Mfunge mbwa, mgeni amesimama nje!" Nami nilikimbia, kwa sababu mwanamke aliyefiwa kumwacha mtu aliyekuja kumfariji asimame barabarani ni jambo lisilosameheka. Nilimkamata mbwa popote nilipomkuta, nikamvuta, nikamfunga, nikafungua geti huku nahema, nikasema karibuni. Kila mara alikuwa mzito zaidi kuvutika. Sote tulisema anakuwa mkali kwa sababu anazeeka.

Baada ya lile tukio la Jumapili wanawake wa jumuiya walihamishia sala zao nyumba nyingine. Hakuna aliyesema kwa nini. Mama alianza kunywa chai yake amesimama jikoni.

Baba mdogo, ambaye tangu msiba alikuwa akija kila mara kutuamulia mambo, alisema ana shamba Bugesera na pikapu ya kumbebea mbwa.

"Nipeni mimi," alisema. "Kule atatiwa mnyororo kwenye zizi, abweke mpaka achoke."

Kuna mbwa wengine waliowahi kupelekwa kule. Hatukuwaona tena, na hakuna aliyeuliza.

Mama akasema, "Misa ya mwaka ikifika, nyumba hii itajaa watu. Siwezi kukaa na mbwa wa kuuma watu waliokuja kumwombea mume wangu. Lakini ni mbwa wake. Kwa hiyo hivi, shemeji. Kama rafiki yangu ataingia humu kabla ya misa, akaketi, akanywa chai, akatoka salama, mbwa anabaki. Akishindwa, njoo na pikapu yako."

"Huyo mama hatarudi hapa hata umtandikie zulia kutoka barabarani."

"Basi utakuwa umepata mbwa."

Mama hakuwa anatania. Baba mdogo naye alijua anachosema. Watu wa umri fulani katika nchi hii hawapendi mbwa, na hawaulizwi sababu. Rafiki wa mama alikuwepo hapa wakati wa mauaji, mbwa walipozurura kati ya maiti; sisi hatukuwepo. Mama alimwambia mara nyingi kuwa mbwa wetu ni mpole, na yeye aliitikia kwa adabu, akipita ukutani. Hata kabla ya kuumwa.

Baba mdogo alimjua pia mtu anayenyoosha mbwa kwa fimbo na pilipili. Nilihifadhi namba yake, nikaifuta, nikaitafuta tena kwenye takataka za simu. Mwishowe nilimwuliza daktari wa mifugo aliyekuwa akimchanja mbwa wetu. Alinipa namba ya daktari mwenzake, mwanamke anayekaa Nyamirambo, aliyesomea zaidi tabia za mbwa. "Hapigi," aliniambia. "Kama unataka mtu wa kupiga, huyo siye."

Nilikaa mchana mzima nikimwandikia ujumbe. Niliandika historia yote, nikaifupisha, nikaona nimeficha jambo, nikairefusha. Nikajiuliza kama ni sawa kumwita mtaalamu kwa ajili ya mbwa wakati watu wana shida. Nikajiuliza kama ataona picha yangu akafikiri sina shida. Nilipoutuma ulikuwa mrefu kama barua ya maombi ya kazi. Jibu likaja kwa sauti, na nyuma yake cherehani ya jirani ikilia.

"Mdogo wangu, nimesikia. Swali moja. Mbwa iko wapi sasa hivi?"

"Amefungwa," nikaandika.

"Funga geti, mfungue yeye, halafu tuongee."

Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kina vumbi la huko. Aliahidi kuja Jumamosi, akatukataza kumwandalia chochote. Alitaka tumpokee kama mgeni yeyote, ila niiweke simu yangu kwenye dirisha la jikoni ikirekodi uani. Jumamosi mchana kengele ikalia. Mama alikuwa anajua kabisa ni yeye, alikuwa anajua ni jaribio, na bado sauti ilimtoka: "Mfunge mbwa! Daktari amesimama juani!" Nami nikakimbia.

"Wacha!" ilisema sauti upande wa pili wa geti. "Hapo hapo. Acha mikono chini. Mimi nimefika, sina haraka."

Alinielekeza kutoka nje nimtupie mbwa vipande vya mkate, kimoja kimoja, nikirudi nyuma hadi uwanja wa kuanikia nguo, kisha niufunge mlango wa huko taratibu. Ilichukua muda. Mama alizunguka jikoni akisema peke yake kwa Kinyarwanda kuwa haya ni maajabu. Daktari alipoingia hatimaye, jasho likimtiririka, mama alimwomba radhi kama mtu aliyemkanyaga.

Tulikaa mezani tukatazama ile video.

"Kengele inalia," daktari alisema. "Mbwa anaangalia wapi?"

"Getini," mama akajibu.

"Angalia tena, Mama."

Alirudisha nyuma. Kengele ikalia. Mbwa akainua kichwa, na kabla ya kugeukia geti, akautazama mlango wa jikoni. Masikio yalirudi nyuma, hata lile lililosimama. Akajilamba mdomo. Mlango ukafunguka, nikatokea mimi. Hapo ndipo alipokimbilia geti akibweka.

"Anamngoja huyu," daktari alisema, akininyooshea kidole bila ubaya. "Anajua kengele ikilia, kuna mkono unakuja kumkaba koo. Na nani analeta huo mkono? Mgeni. Kila mgeni. Sasa wewe ungempenda mgeni?"

"Kwa hiyo mkorofi ni binti yangu," mama alisema.

"Hapana. Binti anatumwa. Ninyi mnaona haya mgeni kusimama nje, ndio maana mnakimbia, ndio maana mnavuta. Heshima yenu inapita kwenye shingo ya mbwa."

Baadaye alimkagua. Alikaa chini ubavu wake ukimwelekea mbwa, asimtazame, mpaka mbwa mwenyewe akaja kumnusa mfuko. Chini ya ukanda wa shingo, manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi imekuwa nyekundu, yenye unyevu. Nilikuwa nimeushika ukanda ule kila siku na sikuwahi kuangalia chini yake. Nilifikiri, hapa ndipo mtu hulia. Daktari alikuwa ananieleza namna ya kupaka dawa, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, asubuhi na jioni.

Kabla hajaondoka nilimwuliza swali nililokuwa nimelilaza kichwani juma zima. Nilimwuliza kama mbwa anamwomboleza baba.

"Labda," alisema. "Lakini hiyo siwezi kutibu, mdogo wangu. Kengele ninaweza."

Kazi yenyewe, ukiieleza, inaonekana ya kitoto. Ukanda wa shingo ulitupwa, akavalishwa mwingine unaopita kifuani. Betri ya kengele ilitolewa. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea, badala ya ule mlango, kigeti kifupi cha wavu kati ya ua na uwanja wa kuanikia nguo, na nyuma yake tukaweka kipande cha godoro kuukuu. Nilirekodi sauti ya kengele kwenye simu. Kila siku niliipiga kwa sauti ya chini kabisa, na papo hapo kipande cha ini kilichochemshwa kikaanguka juu ya godoro. Hakuna anayemgusa. Hakuna anayekimbia. Kengele, ini, kimya. Akitulia, nilikuwa napandisha sauti kidogo. Akisimamisha manyoya ya mgongoni, nilishusha.

Na akinguruma, daktari alisema, nishukuru.

"Nishukuru?"

"Mbwa akinguruma anapiga hodi. Mkimchapa kwa sababu amepiga hodi, siku nyingine ataingia bila hodi."

Nilimtumia maswali mengi mno. Je, kipande kikubwa kinafundisha haraka kuliko kidogo? Je, nikifanya nikiwa na huzuni, ananusa? Je, ikiwa anakuja kwenye godoro kwa ajili ya ini tu, na si kwa sababu amepona? Hilo la mwisho alilijibu kwa kicheko kirefu. "Wewe kazini utaenda kwa ajili ya nini? Unafikiri sana, mdogo wangu. Yeye hafikiri hivyo. Mpe ini."

Nilifanya bila kuruka siku, kama mtu anavyopiga mswaki. Friji ilinuka maini. Kidonda cha shingoni kilikauka. Asubuhi moja nilipiga kengele ya simu nikiwa bado naangalia barua pepe ya kazi nyingine niliyokosa, na nilipoinua macho mbwa alikuwa ameshafika kwenye godoro, amekaa, anautazama mkono wangu. Masikio yake yalikuwa mahali pake. Nilijua ni jambo kubwa. Nililiandika kwenye ujumbe kwa daktari, nikaongeza alama ya furaha mwishoni, kwa sababu ujumbe bila hiyo ulionekana kama taarifa ya polisi.

Shida ilikuwa mama. Daktari alitaka wageni wapige simu wakifika, kisha wasubiri nje hadi mbwa afike kwenye godoro mwenyewe. Alipendekeza tuandike hivyo kwenye geti.

"Kibao?" mama alisema. "Kwenye geti la mjane? Mgeni asubiri nje kama muuza mayai?"

"Dakika chache tu, Mama."

"Dakika chache ndizo watakazozisimulia mwaka mzima. Watasema tangu afiwe amekuwa na kiburi. Watasema kuna kitu tunakificha kwanza."

"Tutasema ni mbwa," nikaingilia.

"Nani atakuamini? Mgeni hawekwi nje kwa sababu ya mbwa. Mbwa ndiye anayewekwa nje kwa sababu ya mgeni."

Hilo lilibaki hivyo, halijaamuliwa. Nilidhani amenyamaza kwa sababu amekubali. Kumbe siku katekista alipokuwa anakuja kupanga misa, mama alirudisha betri ya kengele kimyakimya, asiaibike. Mimi nilikuwa bafuni. Nikasikia kengele halisi, sauti yote, na mama akipita mbio uani. Nilipotoka alikuwa amemshika mbwa kwa ule ukanda wa kifuani, anamvuta, na mbwa amekaza miguu minne, meno nje, ananguruma akimtazama yeye. Mama alimwachia. Mbwa alirudi nyuma hadi ukutani, akasimama pale akitetemeka. Hakumgusa.

Katekista alihudumiwa chai. Walizungumza nyimbo na masomo, mama akicheka mahali pa kucheka. Alipoondoka, mama alikaa kwenye kiti alichokiacha katekista.

"Ameningurumia," alisema. "Mimi."

"Alikuwa anakuambia kwanza. Daktari alisema..."

"Najua daktari alisema." Akachukua simu. "Shemeji, Jumamosi hii, umuganda ukiisha, njoo na pikapu."

Nilikwenda chumbani, nikalala chali. Nilijaribu kumfikiria mbwa kwenye mnyororo na nikaweza: urefu wa mnyororo, rangi ya zizi, kila kitu. Nilikuwa naliona jambo zima kama kupitia kioo cha benki, mtu upande wa pili anasema na humsikii. Kisha nikampigia daktari, kwa sababu kupiga simu hakuhitaji moyo.

Alikuja kesho yake jioni, na hakumlaumu mama. Alimkuta jikoni anamenya ndizi, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya naye.

"Alikupigia hodi, Mama. Angetaka, mkono wako ulikuwa karibu. Hakutaka."

"Sitaki mbwa wa kunipigia hodi ndani ya nyumba yangu."

"Sawa. Pikapu ikija, siwezi kuizuia. Mbwa ni yenu." Akamenya. "Mimi ugonjwa wangu hapa ni kitu kimoja. Mgeni akifika getini, mmeshachelewa. Haya imeshawashika. Kibao hamtaki, simu hamtaki. Sijui tena dawa."

Ndizi zilikuwa zinadondoka kwenye beseni. Kisha mama akasema, akiziambia ndizi, kwamba bibi, yaani mama yake, hakuwahi kumngoja mgeni ndani. Kule Karagwe mtu alionekana tangu anapanda kilima, na bibi alivua aproni, akamfuata njiani, akampokea mzigo huko huko, wakaja wakizungumza. Mgeni aliyefika mlangoni peke yake alikuwa mgeni aliyepuuzwa.

"Alikuwa anamlaki," mama alisema.

Daktari akaacha kumenya.

"Nikimlaki barabarani," mama aliendelea, polepole, "nimemheshimu kuliko kumfungulia. Tunasalimiana huko. Huyu mtoto abaki na mbwa. Sisi tukifika..."

"Mbwa iko kwenye godoro," daktari alimalizia. "Na kengele hakuna aliyeigusa." Akapiga kofi moja la paja. "Voilà! Mimi nimetoka Nyamirambo yote hiyo na mfuko wangu, jibu liko kwenye beseni la ndizi."

"Usinicheke."

"Ninajicheka mimi."

Pikapu haikughairiwa, lakini. Mama alisema neno ni neno: rafiki yake aingie, aketi, anywe, atoke. Jumamosi ilikuwa inatosha kwa yote mawili.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa wetu ulikuwa unazibua mtaro ulioziba kwa mvua. Mama alikwenda na jembe, mimi nikabaki. Rafiki yake anakaa mtaa ule ule, kwa hiyo walikuwa mtaro mmoja. Sijui alimwambia nini huko kwenye matope. Baadaye aliniambia kuwa hakumwomba kuja kwetu. Alimwambia tu, twende pamoja mpaka kona, na kwenye kona akamwambia, twende pamoja mpaka getini.

Simu ikalia. "Tuko kona," mama alisema.

Nilisimama uani. Nilikuwa na bakuli la ini na mikono ilikuwa imelowa. Nikawaza kuwa mikono iliyolowa inanuka hofu, kisha nikawaza kuwa siihisi hofu, basi inanuka nini. Mbwa alisikia nyayo kabla yangu. Aliinuka. Alinitazama, kwanza uso, kisha mkono. Mkono ulikuwa chini. Nikatupa kipande cha ini juu ya godoro. Alisita. Nyayo zilikuwa zimefika usawa wa ukuta, na sauti ya mama ikisema jambo la mtaro kwa kelele isiyo ya lazima. Mbwa akageuka, akaenda kwenye godoro, akala. Nikafunga kigeti cha wavu nyuma yake bila kumgusa.

Waliingia na majembe yao. Rafiki wa mama alikuwa na matope hadi magotini. Alisimama mara tu alipouvuka mlango mdogo wa geti, asiangalie upande wa wavu, kama mtu anayekwepa jua kali. Mama alimshika kiwiko.

"Baraza pale," alisema. "Mlango tutauacha wazi nyuma yako."

Aliketi ukingoni mwa kiti, jembe bado mkononi. Nilileta chai. Alipotaka kupokea kikombe aliliegemeza jembe ukutani, nalo likateleza, likaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Mbwa alisimama. Ngurumo ikamtoka, ya chini, ndefu. Yule mama aliganda, kikombe hewani, macho yakiangalia mahali ambapo sisi hatukuwa.

Nikatupa ini. Kingine. Nilitaja jina la mbwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nimelitaja kwa sauti tangu msiba. Aliangalia chini, akala, akalala ubavu kwenye godoro huku bado ananitazama.

Mama alikuwa ameuweka mkono wake mgongoni mwa rafiki yake na hakuuondoa.

Baada ya muda yule mama alikunywa chai. Alikunywa yote, polepole, akakiweka kikombe chini.

"Bado simpendi," alisema kwa Kinyarwanda.

"Hakuna aliyekutuma umpende," mama alijibu.

"Huo wavu usiuondoe nikija."

"Sitauondoa."

"Na sukari umepunguza. Ubahili huu umeuanza lini?"

Mama alicheka, na safari hii hakukuwa na katekista wa kuchekewa. Nilikwenda kuleta sukari.

Pikapu ilifika wakiwa kwenye kikombe cha pili. Baba mdogo alipiga honi, na mbwa akaruka akabweka kwa nguvu zake zote, wavu ukatikisika. Rafiki wa mama alimshika mama goti. Lakini mama alishainuka. Alitoka nje, akamkuta shemeji yake kando ya gari, na tukawasikia.

"Nimeleta kamba," alisema baba mdogo.

"Zima gari kwanza. Habari za Bugesera?"

"Nzuri. Yuko wapi huyo nduli?"

"Amelala kwake. Njoo unywe chai, kuna mgeni."

Aliingia, akamwona yule mama kwenye kiti, kikombe mkononi, matope yamekaukia miguuni. Alimsalimu kwa heshima. Alitazama wavu, akatazama kikombe.

"Lakini si ananibwekea hapa?"

"Shemeji," mama alisema, "hilo gari lako hata mimi likija natamani kubweka. Kaa."

Akakaa. Walizungumza mtaro, mvua, nani hakuonekana umuganda na atatozwa faini. Mama alipomsindikiza rafiki yake walikaa njiani muda mrefu. Baba mdogo alikunja kamba yake, akaondoka na mkungu wa ndizi.

Nilimpigia daktari. Aliniuliza maswali mengi kuhusu jembe na karibu hakuna kuhusu pikapu. Alisema siku ya misa nisijaribu ushujaa wowote: watu wengi mno, nyimbo, viti; nimpeleke mbwa kwake Nyamirambo tangu asubuhi. Alisema itachukua miezi mingine, na huenda hatakuwa kamwe mbwa wa kupita katikati ya wageni. "Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. "Na wewe unaendeleaje?" Nikasema vizuri. Akasema tutaongea siku nyingine.

Mama alirudi jua likiwa limeshuka, viatu mkononi.

"Amekula?" aliuliza.

"Nani?"

"Mbwa."

"Amekula maini ya juma zima."

"Basi mfungulie, apite."

Nilivuta komeo la kigeti. Mbwa hakutoka mara moja. Alisimama mlangoni akaunusa ua wote kwa mbali, kisha akaenda hadi kile kiti cha barazani, akanusa mahali miguu yenye matope ilipokuwa, kwa muda mrefu, akizunguka. Mama alisimama kando akimtazama. Hakumgusa, wala mbwa hakumwendea. Kisha mama akaingia ndani kuosha miguu, nami nikakaa kwenye ngazi ya baraza, mikono inanuka, nikimwangalia mbwa akitafuta pa kulala.